Tanga Lisilo na Tumbo

Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025. Asubuhi hiyo mji wa Kasulu uliamka ndani ya ukungu mzito, na manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya mabati bila sauti. Mpaka saa tatu jua lilikuwa halijaonekana. Sokoni watu walitembea wamejifunika kanga mabegani, na moshi wa mahindi ya kuchoma ulitambaa chini kama nao ulikuwa unasikia baridi.

Nyuma ya soko, pale malori yanapoegeshwa, kuna safu ya mafundi wa maturubai. Mwajabu alikuwa na cherehani yake pale, aliyoirithi kwa marehemu baba yake. Siku hiyo alivaa dera la zambarau na ushungi mweupe, na mkanda wa kupimia ulining'inia shingoni mwake. Alikuwa ameinamia turubai la lori la mahindi, alipopita kijana mmoja amebeba furushi kubwa begani. Kijana akateleza kwenye tope. Furushi likaruka, likafunguka, likamwangukia Mwajabu na kazi yake yote.

"Kaka! Umenifunika nikiwa hai!"

"Samahani sana, dada yangu. Tope la hapa halina adabu."

"Tope lilikuwa limelala zake. Wewe ndiye uliyelikanyaga."

Shadia, muuza chai wa pale jirani, alicheka mpaka akaiweka birika chini. Mwajabu alijitoa chini ya kile kitambaa, lakini badala ya kukisukuma akakishika na kukipapasa kati ya vidole. Kilikuwa kizito, cha rangi ya maziwa yaliyochacha, na mishono yake ilikuwa imeoza.

"Turubai gani hili lina pembe tatu? Gari lako lina mdomo kama ndege?"

"Si turubai, dada. Ni tanga. La boti."

"Boti iko wapi?"

"Murubona, hapa hapa Kasulu."

Madereva waliokuwa wakinywa chai wakapasuka kwa kicheko. "Kumbe Nuhu ndiye wewe!" mmoja akapaza sauti. "Nahodha wa nchi kavu! Gharika ni lini, tufunge mizigo?"

Kijana naye akacheka. Jina lake lilikuwa Haidari. Mji mzima ulikuwa umesikia habari za boti yake, ila wengi hawakujua mwenyewe ana sura gani. Msimu wa kiangazi alisafirisha wageni ziwani kwa tanga, kutoka Kigoma kwenda vijiji vya kusini. Msimu wa mvua aliipandisha boti nchi kavu na kuitengeneza. Lakini ziwa lilikuwa limejaa miaka hiyo, likameza kiwanja alichokuwa akifanyia kazi ufukweni. Mjomba wake Badru, mwenye kiwanja cha mbao Kasulu, akamwambia aipandishe milimani. Ikaletwa juu ya lori, ikasimamishwa juu ya magogo katikati ya mbao, naye Haidari akaishi ndani yake.

"Niachie," Mwajabu alisema, akilikunja lile tanga. "Mishono yote ifumuliwe. Nitakushonea."

"Umewahi kushona tanga?"

"Wewe umewahi kuona turubai la Mwajabu likivuja?"

"Hapana."

"Basi."

Ikawa hivyo. Kila baada ya swala ya alasiri Haidari alipita kuangalia kazi, na kazi ilikuwa ndefu, na yeye hakuwa na haraka. Siku moja Mwajabu akaenda na Shadia kuiona boti. Walipanda ngazi ya mbao, wakainama, wakaingia. Ndani palinukia rangi mbichi na lami ya kuzibia nyufa. Kulikuwa na kitanda chembamba chenye chandarua, jiko la mafuta, sufuria moja, msala uliokunjwa vizuri, na dirisha la duara lililotazama vilima.

"Mtu mzima analala humu?" Mwajabu aliuliza.

"Analala, anapika, anaswali. Upande wa kibla nauhesabu upya kila nikifunga nanga. Hapa Kasulu nimepumzika, boti haizunguki."

"Na akiwa na mke?"

"Kitanda kitaongezwa ubao."

"Mmoja tu? Mke gani wa ubao mmoja!" Shadia alidakia, na wote watatu wakacheka mpaka boti ikatikisika juu ya magogo.

Mama yake Mwajabu, Bi Mwanaheri, alikuwa mgonjwa wa moyo, akihudhuria kliniki Kabanga. Alipopata habari hakukasirika. Jioni alimwita binti yake akae karibu.

"Huyo Nuhu wako ana dini?"

"Anayo, mama."

"Ana wazee?"

"Wapo Ujiji. Amesema safari yake ya kwanza ya msimu ikienda salama, watapanda kuja kuzungumza na wewe."

"Ego," alisema mama kwa Kiha, akikubali kwa kichwa. "Aje upesi. Mimi sina miaka ya kugawa."

Mwezi wa Aprili Haidari alikwenda Kibondo kutafuta mbao za mninga za kurekebisha ubavu wa boti. Mvua zikamzuia kule. Kila jioni alipiga simu.

"Haloo, nahodha wa nchi kavu."

"Haloo, roho yangu. Huku Kibondo mvua inanyesha mpaka ndani ya masikio."

"Umekula?"

"Ugali na maharage. Ila maharage ya huku hayana maneno kama wewe."

"Kwa hiyo mimi ni maharage?"

"Wewe ni chumvi yake, mpenzi. Tanga limefika wapi?"

"Nimeshalifumua lote. Lakini Haidari, aliyelishona mwanzo hakuwa fundi. Nitalinyoosha."

Mvua ilipiga bati la nyumba alimokuwa amejikinga Haidari. Hakusikia vizuri, wala hakuuliza. "Nakuamini," alisema. "Shona utakavyoona inafaa."

Mwajabu akasema kwa sauti ya chini: "Ningekuwa na uwezo, boti hiyo isingeteremka Kigoma kabisa. Ingebaki hapo kwa mjomba, na wewe ndani yake."

"Usiseme hivyo hata kwa utani. Riziki yangu iko majini."

"Najua. Nimesema tu ninavyotamani."

Kesho yake alikaa na tanga. Alikuwa ameona kwamba vipande vya katikati vimepinda kidogo pembeni, hivyo vikiunganishwa, kitambaa kinalegea na kufanya tumbo. Baba yake alimfundisha tangu utoto kwamba turubai lenye tumbo hukusanya maji ya mvua, maji hulemea, turubai hupasuka na mzigo wa watu huoza. Kila lori la Kasulu lilimjua kwa hilo: kazi ya Mwajabu hukaa tambarare kama meza. Basi akakata ile mipindo yote, akanyoosha kingo, akashona kwa mshono maradufu, taratibu, huku akisoma dua ya msafiri. Alitaka Haidari akiwa katikati ya maji asilowe.

Hakujua kwamba tanga linahitaji tumbo. Upepo ukilikuta tanga tambarare hauna pa kukaa, unapita tu, na boti haisogei vizuri. Haidari alilijua hilo tangu utoto wake, na kwa sababu alilijua mno hakuwahi kulisema.

Aliporudi, lori la kuibeba boti lilikuwa linamsubiri. Alilipokea tanga likiwa limekunjwa vizuri na kufungwa kamba. Akamshukuru Mwajabu machozi yakimlengalenga, akalitia ndani ya boti bila kulitandaza. Mungu anajua, dakika chache tu za kulitandaza juu ya mbao za mjomba zingetosha.

Juni, siku ya safari, wageni walipanda na mabegi yao. Tanga likapandishwa. Lilikaa kama mlango. Boti ilikwenda kwa shida mpaka mchana, kisha upepo mkali ukashuka kutoka milimani, kingo zikavutwa, na kitambaa kikapasuka kutoka juu mpaka chini. Wavuvi wenye mashine waliwavuta mpaka kijiji cha jirani. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe, lakini wageni walichukua chombo kingine, na habari zilienea ufukweni kote. Msimu ukafa siku ile ile.

Haidari alikaa mchangani, akautazama mshono. Ulikuwa maradufu, umenyooka, umepigwa na mkono uliojua unachofanya. Hili si kosa, alijiambia. Mtu hakosei kwa unadhifu namna hii. Ndipo yakamrudia maneno ya simu ya Kibondo.

Akapiga. Mikono ya Mwajabu ilikuwa kwenye cherehani, kwa hiyo aliiweka simu mezani na kufungua spika, akitabasamu.

"Nahodha wangu! Mmefika?"

"Ulilikata tanga langu?"

"Nililinyoosha, mpenzi. Lilikuwa na tumbo, nikaona—"

"Ukaona! Ulisema ungekuwa na uwezo boti isingeondoka. Haya, uwezo umeupata. Boti haiondoki. Umefurahi?"

"Haidari, nisikilize..."

"Nimekusikiliza vya kutosha. Mwanamke anayemkata mwenzake miguu ili asitoke nyumbani, huyo si wa kuoa. Usinipigie tena."

Safu nzima ya maturubai ikasikia. Dereva mmoja akajifanya anatafuta kitu chini ya benchi. Shadia alinyoosha mkono akaizima ile spika, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na habari zilimfikia Bi Mwanaheri kabla binti yake hajafika nyumbani.

Mwajabu alijaribu kupiga kwa siku kadhaa. Namba yake ilikuwa imezuiwa. Baadaye akaacha, akabaki na sijda zake. Alilia pale, kichwa chini, ambapo hakuna wa kuuliza unalilia nini.

Mwezi wa Septemba Bi Mwanaheri alizidiwa. Siku ya mwisho aliuliza tena, "Nuhu wako hajaja?"

"Atakuja, mama."

"Akija, mwambie nilisubiri."

Alizikwa kesho yake kabla ya adhuhuri. Mzee Badru, aliyekuwa ametoka makaburini na udongo bado viatuni, alimpigia mpwa wake. "Haidari, kuna jambo huku kwa Mwajabu—"

"Mjomba, nilikuomba jina hilo usinitajie."

"Ni msiba, mwanangu, ni..."

Lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Novemba, Haidari alikuwa anatoka tena Kibondo na mbao, amekaa mbele ya lori karibu na dereva aliyeitwa Fidele. Alikuwa amejizoesha kupita Kasulu akitazama upande mwingine. Walipokaribia Makere mvua kubwa ikawakuta. Fidele alisimamisha gari, akapanda ubavuni mwa lori na fimbo, akaanza kulisukuma turubai kwa chini. Maji yakamwagika kama yametoka kwenye pipa.

"Limelegea nini?" Haidari aliuliza, akishuka.

"Lina tumbo!" Fidele alifoka, akijifuta uso. "Nilimpa mtu mwingine kwa sababu Mwajabu wa Kasulu alikuwa kwenye msiba. Mwajabu hawezi kukuachia tumbo. Hata umpe shuka la kitandani atalinyoosha. Ukimwambia acha, anakuona mjinga. Kwake tumbo ni ugonjwa."

Haidari alishika mlango wa gari. Mvua ilimpiga kifuani wala hakuisikia.

"Msiba wa nani?"

"Mama yake. Wewe si ulikuwa jamaa yake? Hukuambiwa?"

Njia yote iliyobaki alikuwa anaona upya kila kitu: mshono maradufu, kamba iliyofungwa vizuri, simu ya Kibondo. Nitalinyoosha, alimwambia. Alimwambia kwa mdomo wake, naye akajibu, nakuamini.

Asubuhi iliyofuata alikwenda na Mzee Badru nyuma ya soko. Mwajabu alivaa baibui jeusi. Alikuwa amekonda, na hakusimama.

"Mwakeye, Mzee Badru," alisalimia. Hakumtazama Haidari, akarudi kwenye mshono wake.

"Mwajabu," Haidari alianza kwa sauti ya chini, "twende pembeni kidogo tuzungumze."

"Pembeni kuna nini?"

"Nilikukosea. Hukujua habari za tanga, na mimi ndiye niliyepaswa kukueleza. Sikukueleza, sikulikagua, na nilipoona kosa sikukuuliza. Na mama... Mjomba alinipigia. Nilikata simu."

Mwajabu alitoa mguu kwenye pedali. "Alikusubiri," alisema. "Alinituma nikwambie hivyo. Basi, nimefikisha."

Haidari akainamisha kichwa. Machozi yalimshuka, wala hakuyaficha kwa madereva.

"Nimekusamehe katika swala zangu zamani," Mwajabu aliendelea. "Nilichoka kukubeba kila nikisujudu. Na mimi nina langu. Nilikata kitu nisichokijua, kwa kiburi cha ufundi, nikadhani kila kitambaa duniani ni cha kuzuia mvua. Watu wangekufa maji. Hilo nalo linaniuma. Lakini pembeni siendi, Haidari. Maneno yako niliyasikia hapa, spika ikiwa wazi. Shadia alisikia, hawa wote walisikia, na mama yangu aliletewa nyumbani. Kama una neno jingine, litokee palepale lilipotokea la kwanza."

Shadia aliiweka birika chini. Fidele, aliyekuwa amekuja kunyooshewa turubai lake, akavua kofia. Mzee Badru akamgusa mpwa wake bega.

Haidari alisogea mpaka kwenye meza ya cherehani. "Mbele ya mjomba wangu, mbele ya Shadia na nyote mliopo," alisema, "naahidi..."

"Paza sauti," Mwajabu alimkatiza. "Aliyetaka kukusikia yuko mbali."

Haidari akageukia upande wa makaburi, akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye malori ya mwisho:

"Mbele ya Mungu na mashahidi hawa, mimi Haidari naahidi: leo hii wazee wangu watapanda kutoka Ujiji, na kabla hawajaingia nyumbani kwa Bi Mwanaheri nitawapeleka kaburini kwake wamwombe radhi. Na Mwajabu akinikubali au akinikataa, sitamhukumu tena kwa jambo lolote kabla ya kumuuliza na kulisikia jibu lake mpaka mwisho."