Nyuzi za Marehemu

Ijumaa iliyopita, jioni, umeme ulikatika kwenye karakana ya rafiki yangu, fundi magitaa. Mezani palikuwa na gitaa la besi la zamani, shingo imepinda. Mjane aliyelileta alitaka kesho yake mwanawe alipige, kwa mara ya kwanza tangu baba afe.

“Nyuzi usibadilishe, fundi,” mjane alikuwa amemwambia asubuhi.

“Mama, zina kutu kuliko bawaba za mlango wangu!”

“Kutu hiyo ni jasho lake. Rudisha hizo hizo.”

Kwa hiyo fundi alizifungua zote nne, akazikunja na kuzitia mfukoni mwa aproni zisipotee. Kisha akaingiza ufunguo kwenye chuma kinachopita ndani ya shingo, akakaza robo mzunguko. Mbao ikalia kidogo. Taa ikazimika.

Ndipo akasikia noti moja ya besi, nzito, ndefu.

“Redio ya jirani hiyo,” akajiambia.

Akaweka kiganja kwenye shingo ya gitaa. Ilikuwa imenyooka, imetulia tuli. Noti ikaendelea, ikitokea chini, karibu na paja lake.

Akatia mkono mfukoni. Nyuzi tatu zilikuwa baridi, zimelala. Wa nne, ule mnene, ulikuwa ukitetemeka.