Ipi Afadhali, ya Kwanza au ya Pili?

Foleni ya posta siku hiyo ilikuwa imetoka nje ya mlango ikapinda kona, na bado watu walizidi kuja. Fundi alisimama katikati yake ndani ya gauni la kijani alilolishona mwenyewe, lenye vikunjo vidogo kiunoni, akisubiri kifurushi chake cha nyuzi. Kila aliyepita alimtupia jicho na kutabasamu. Akajisemea moyoni, leo Mungu kanipendezesha.

"Dada, samahani," sauti ya kiume ilimjia kutoka nyuma. "Umekuja na kazi shingoni."

Alijipapasa. Utepe wake wa kupimia, ule wa njano, ulikuwa unaning'inia kifuani kama mkufu wa bibi harusi.

"Yaani nimekatiza mji mzima hivi? Na hakuna aliyeniambia!"

"Labda waliona haya."

"Wewe huna haya?"

"Ninayo. Ila ningekuwa mimi, ningependa kuambiwa."

Fundi aligeuka kumtazama vizuri. Alikuwa mrefu, mabega mapana, miwani puani, shati jeupe lililonyooshwa kifuani na kukunjamana mikononi.

"Basi na mimi nikuambie. Pasi yako ina jicho moja."

Kicheko chao kilimfanya karani ainue kichwa dirishani. Mpaka wanafika mbele, namba za simu zilikwisha kubadilishana mikono.

Yule bwana alikuwa mpima macho. Alikuwa na chumba kidogo ghorofani, juu ya duka la viatu, na wateja walimwita Daktari hata awasahihishe mara ngapi. Fundi alimwita Bwana Miwani. Yeye alimwita Fundi wangu, na lile neno "wangu" alilitamka taratibu, kama mtu anayeshusha kikombe kilichojaa pomoni.

Simu zao za mchana zilikuwa ndefu. Fundi aliibana simu kwa bega, cherehani ikinguruma, na nje mvua nyepesi ikiosha kioo cha dirisha.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula uzi. Wewe je?"

"Mimi nimekula sauti yako."

"Mh! Utakufa na njaa, baba."

Shangazi yake, mjane aliyemlea na sasa akimsaidia kutia vifungo, aliinamisha uso juu ya kazi yake kuficha tabasamu. Alikuwa mama wa maneno machache na sala nyingi, na hakuna kilichompita.

Ni yeye aliyeona kwanza.

"Huyu mwenzako," alisema Jumamosi moja, baada ya mgeni kunywa chai na kuondoka, "umempa chai ya sukari vijiko vinne, kanywa. Umemuuliza bustanini au hapa ndani, kasema popote sawa. Umesema kitambaa hiki ni kizuri, kasema kizuri. Umegeuka ukasema kibaya, kasema kweli kibaya."

"Ni mpole, shangazi."

"Sikatai. Nauliza tu, yeye mwenyewe anapenda nini?"

Fundi alikusanya vikombe vya chai, na swali likamrudisha mbali. Miaka minne nyuma alikuwa na mchumba mwingine. Tarehe ya harusi, alisema sawa. Rangi ya nguo, sawa. Nyumba ya kupanga, sawa. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, ukaingia ujumbe wake kwenye simu kwamba moyoni hajawahi kutaka. Tangu hapo neno "sawa" lilimtia Fundi baridi, hata likitoka kinywani mwa mtu mwema.

Basi akaamua kumshonea Bwana Miwani shati. Mtu hawezi kudanganya mbele ya shati, alifikiri. Alichagua kitambaa cha samawati chenye mistari myembamba, akampima mwenyewe, bega hadi bega, kifua, mkono, huku jua la asubuhi likiwaangukia wote wawili. Siku ya kulijaribu alimzungusha mara mbili mbele ya kioo.

"Limekukaaje? Niambie kweli. Hapa kwapani je?"

"Sawa kabisa, Fundi wangu."

Naye akaamini. Alilala na furaha wiki nzima, mpaka dada yake Bwana Miwani alipopiga simu.

"Wifi yangu, hujambo? Nina neno, lakini usiniangushe kwa kaka. Lile shati jamani, lipanue! Akilivaa hawezi kuinua mkono. Jana nilimwambia anishushie sufuria kabatini, kaomba kiti apande. Makwapa yote mekundu."

"Mbona mimi kaniambia limemkaa sawa?"

"Lawama ni zangu. Nilimwambia, kaka, huo ulimi wako wa kusema kila unachokiona ndio unaokukosesha mke. Ukimpata wa kumpenda, kubali tu, tabasamu, utapendwa. Kashika ushauri kama sala!"

Dada alicheka. Fundi hakucheka. Jioni ile alimpigia Bwana Miwani.

"Shati linakubana?"

"Ni... sawa tu, mpenzi."

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Linakubana?"

"Sitaki ukasirike."

"Basi umenikasirisha kwa kutotaka nikasirike. Ninyi mnaosema sawa nawajua. Siku moja utaamka uniambie hata mimi nilikuwa nakubana."

Akakata. Simu ikalia tena mara nne, akaigeuza uso chini.

Wiki mbili zikapita kama kitu kinachotokea chini ya maji. Fundi alishona, lakini mawazo yake yalikuwa mbali na mshono. Asubuhi moja alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, ukapita pembeni. Akajaribu tena. Mara ya sita sindano mbili zilielea mbele yake.

"Hayo ni macho au machozi?" shangazi aliuliza.

"Macho."

"Macho yana mpimaji wake. Nenda." Akaongeza, bila kuinua uso, "Nimekuombea tangu alfajiri. Usirudi hapa na kiburi chako kizima."

Bwana Miwani alipomwona mlangoni alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Alikuwa amevaa shati la samawati. Alimkalisha, akamvisha fremu nzito ya chuma, akaanza kuingiza vioo vya duara, kimoja baada ya kingine. Mikono yake ilinukia sabuni. Ubaoni herufi zilivimba na kunywea.

"Ipi afadhali? Ya kwanza..." kioo kikalia tiki, "au ya pili?"

"Zote sawa," alisema Fundi.

"Na hii?"

"Sawa."

"Hii je?"

"Sawa kabisa."

"Fundi, tafadhali. Usinifurahishe mimi. Ukinidanganya hapa, nitakupa miwani ya mtu mwingine. Niambie unachokiona wewe."

Bwana Miwani alikuwa amejisikia maneno yake mwenyewe. Mkono wake ulibaki hewani na kioo chake, kisha ukashuka.

"Linanibana," alisema polepole. "Kwapani. Na mgongoni. Chai yako ni tamu mno, na ile bustani ina siafu."

Fundi alihisi kitu kikilegea kifuani, kama uzi uliofunguka fundo.

"Nilikosea vipi? Nilikupima kwa mikono yangu."

"Hukukosea. Nilizuia pumzi. Ulikuwa karibu sana, nikasahau kupumua."

"Na huu utepe shingoni mwangu, umeuona?"

"Nimeuona ulipoingia."

"Mbona hukusema?"

"Safari hii nilikuwa na cha kupoteza."

Nje watu walipita na mazungumzo yao, sauti zikija kwa mbali kama za ndotoni. Bwana Miwani alivuta kiti, akakaa mbele yake, akaingiza vioo viwili vya mwisho.

"Naweka ya kwanza. Nakuja Jumamosi, nakunywa chai, naondoka." Tiki. "Ya pili. Nakuja na dada yangu, tunaongea na shangazi, tunafunga ndoa, na siondoki tena. Ipi afadhali?"

Herufi zote ubaoni ziliyeyuka, na safari hii hayakuwa macho.

"Rudia ya kwanza."

Alirudia, sauti ikizama.

"Rudia ya pili."

Alirudia, polepole zaidi, bila kuruka neno.

"Hiyo," alisema Fundi. "Hiyo naiona mpaka mstari wa chini. Ila humo ndani ya ndoa sitaki kusikia sawa."

"Sa..." Akajiuma ulimi. "Nimesikia."

Fundi alivua ile fremu, akaiweka mezani, akasimama na kuuvuta utepe wa njano shingoni.

"Inua mikono," alimwambia. "Na safari hii, pumua."