Lori Lililonyamaza Kasungami

Myriam alikuwa anafua nepi. Aligeuka kuchukua sabuni, akakuta lori la mumewe Lombe limesimama uani, bodi linatetemeka, moshi unatoka, na yeye hakusikia chochote. Hata kokoto chini ya magurudumu hakuzisikia. Akamshukuru Mungu kwa sauti, maskini, bila kujua anashukuru nini.

Maana lori lile lilikuwa limewachosha watu wa Kasungami. Lombe, kama madereva wengi wenye vichwa vigumu, alikuwa amekata silansiye, lile kopo la chuma linalomeza kelele za bomba la moshi, ili lori lingurume likipanda mlima na magunia ya mahindi. Likanguruma kweli. Kila alfajiri akiliwasha, majirani walitukana ukoo wake mzima. Kisha akazaliwa Kiki, mtoto waliyemngoja hadi shangazi za Lombe wakaanza kumtafutia mke mwingine, na lori likiwashwa mtoto alishtuka mpaka macho yakageuka. Myriam akachoka.

"Papa Kiki, chagula. Kelele yako ao mutoto."

Lombe hakuwa mjinga kiasi hicho. Alikwenda kwa Adrien, fundi wa mtaa wa mjini uitwao Kenya, naye akamfungia silansiye aliyoitoa kwenye lori lililoungua pamoja na dereva wake barabara ya Likasi.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Halafu sufuria ikamponyoka Myriam, ikagonga sakafu bila kulia. Mbwa wa jirani alisimama kwenye uzio akipanua kinywa, shingo imekaza, asisikike. Lori lilipolala uani palinuka nywele zilizoungua, na mvua ilipokuja ilishuka juu ya mabati kimya, ikajaza ndoo, ikakatika, na waliokuwa ndani hawakujua kwamba ilinyesha.

Mchana mmoja Myriam aliingia chumbani akamkuta Kiki amekunja ngumi, uso mwekundu, machozi yanaingia masikioni, kinywa kimefunguka hadi kooni. Analia. Na hakuna sauti.

Alimbeba akakimbia naye hadi barabarani, Lombe nyuma yake, kwa sababu uani hata wao wawili walikuwa hawasikiani tena. Pale barabarani pikipiki zililia, wauzaji waliita, lakini Kiki aliendelea kulia kimya.

"Iko nalia toka saa gani?" Myriam alinong'ona. "Minaogopa, Papa Kiki. Kama ana njaa usiku, nitajua je?"

Lombe akalitoa lori uani. Akawapakia lorini, wakaenda kwa Adrien.

Wahenga walisema ukimwamsha aliyelala utalala wewe. Mafundi wa Kenya hawakubali. Kwao chuma kilichotoka kwenye gari la kifo lazima kigongwe kwa nyundo, kwa fujo, huku wakimfokea marehemu aliyelala ndani aondoke, ndipo kifungwe kwenye gari lingine. Kila fundi anajua.

"Vié, uliipikaka nyundo?" Lombe alimuuliza Adrien, mkono ukigonga hewani.

Adrien alitazama viatu vyake. "Yaya, kaka yangu, siku ile kulikuwa kilio ku parcelle, ku nyumba ya pembeni. Nilisikia haya, kupika chuma bantu banalilia mufu wabo. Nikasema nitaipika kesho. Kesho ukakuja mbio mbio, nikasahau."

Aibu nzuri, ya mtu mwenye adabu. Lombe angeweza kumpiga, lakini alianza kulia tu.

Wakamwita Mama Mwaba, mwombezi ambaye sauti yake huvuka barabara mbili. "Kata ile kintu," alimwambia Adrien, akaweka mkono juu ya bomba, na papo hapo kimya kikapanda kutoka chini ya lori, harufu ya nywele ikawajaa puani, kinywa cha Mama Mwaba kikawa kinafunguka na kufungika bila neno, mishipa ya shingo imemtoka, na msumeno wa umeme ukamwaga cheche bila mlio, na Adrien akagonga na kugonga kama mtu anayepiga godoro, hadi kopo likaanguka mchangani na kupasuka.

Ndani mlikuwa na masizi tu.

Ghafla kelele zote za Kenya zikarudi, redio, kwaya, watu wanaobishana bei. Myriam akamtazama mwanawe. Bado alikuwa analia kimya.

"Mu kopo ilitoka," Mama Mwaba alisema polepole, ameishiwa nguvu. "Wapi iliingia, sijue."

"Tumupeleke ku hopitali," Lombe alisema, akapanda, akawasha injini.

Kutoka kwenye bomba tupu kilitoka kilio cha kitoto kichanga. Hakuna mama asiyekijua kilio cha mwanawe.

"Ni yeye! Usizime, Papa Kiki! Usizime!"

Myriam alikimbia nyuma ya lori, akapiga magoti kwenye moshi, akatoa ziwa. Kiki alinyonya kwa pupa, koo linapanda na kushuka, mpaka vidole vikalegea, kichwa kikaanguka upande, maziwa yakamtiririka kidevuni. Alikuwa ameshiba, amelala.

Na bomba lilikuwa bado linalia, kwa sauti ya Kiki, likitaka mama alipatie nalo ziwa.