Herufi Zilizopinda

Saa 8:10 mchana, Kinondoni, 1999.

"Kontena la redio liko bohari Temeke," Kornelio alisema, bastola mezani. "Tovuti ya wakala wa mizigo inataka namba ya siri. Tukiipata, karatasi ya kutolea mzigo inatoka hapa. Lori linapakia. Basi."

Chumba cha nyuma cha intaneti kafe kilikuwa na joto. Leodegar, fundi, alikuwa ameandika programu ya kujaribu namba moja baada ya nyingine. Najma, mpiga taipu, alikuwa macho ya programu hiyo. Maana tovuti ilikuwa na akili ya kutambua mashine: mtu husita, hukosea, hufuta, ila programu hugonga kila sekunde mbili bila kuchoka. Ikishtuka, inaleta picha ya herufi zilizopinda. Mashine haizisomi. Mtu anazisoma. Ukizikosea mara tatu mfululizo, inafunga na kuarifu bohari.

8:40. Picha. Najma akaandika. Ikapita.

8:52. Ikapita.

Simu ya mkononi ya Kornelio ikalia. Akageukia ukuta, akamwambia mtu wake wa bohari:

"Mzigo ukishatoka, dereva mmalize. Sitaki mdomo."

Najma akaondoa vidole kwenye kibodi. Dereva alikuwa Jamali, kaka yake. Najma ndiye aliyemleta kazini, akamwambia Kornelio ni jirani tu.

8:58. Picha ikaja. Najma akaandika vibaya.

"Vipi?" Kornelio akauliza.

"Zimepinda sana, braza."

Picha ya pili. Akakosea tena. Kornelio akaichukua bastola.

"Fundi! Hizo hazisomeki?"

Leodegar alitazama skrini. Herufi zilikuwa wazi kabisa. Akamtazama Najma.

"Hazisomeki, bosi."

Najma akabonyeza mara ya tatu. Skrini ikawa nyekundu.

Kitako cha bastola kilimvunja Leodegar meno mawili. Muda si mrefu simu ikalia tena, yule mtu wa bohari akipiga kelele: "Polisi getini! Wametukamata na dereva!" Kornelio akatoka kwa mlango wa uani, hakurudi.

Wiki moja baadaye, mahabusu ya Keko, Jamali alikataa kumpa Najma mkono.

"Wanasema kuna mtu alituuza."

"Ni mie."

"Dada yangu mwenyewe? Kwa nini?"

Akamweleza simu ile. Jamali akatazama nyuma yake.

"Huyo muuaji wao ndiye tuliyekamatwa naye, niko naye selo moja," akasema taratibu. "Analala pembeni yangu."

Najma akaanza kumwita askari kwa sauti.