Kinywani mwa Mbwa Mwitu

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kununua dagaa wa chumvi. Sisi waimbaji wa tenori, sauti ya juu ya kiume, tuna imani zetu: dagaa mmoja kabla ya kupanda jukwaani, koo linafunguka. Jioni ile ningeimba sehemu kuu ya opera kwa mara ya kwanza, maana mwimbaji wake alikuwa kitandani na homa. Nikiharibu, watu wa roshani ya juu watanipigia miluzi. Na hapa Parma, Italia, ukipigiwa miluzi mara ya kwanza, huitwi mara ya pili.

Ukungu ulikuwa umeshuka. Kwenye kichochoro nyuma ya jumba la opera, nikasikia harufu...

Mbwa aliyelowa.

"Kinywani mwa mbwa mwitu, kijana," mtu akaninong'oneza sikioni.

Ndivyo tunavyotakiana heri. Na jibu ni moja tu, hata mtoto mdogo analijua: "Afe!" Mbwa mwitu afe, nawe utoke mzima. Usishukuru kamwe. Lakini nilipogeuka nilimwona mzee mwenye koti la jukwaani lililoliwa na nondo, shingo kaizungushia skafu. Alinitazama kwa upole mno. Adabu ikanitangulia.

"Asante, mzee."

Akatabasamu.

"Karibu," akasema. "Karibu ndani."

Nikakimbia. Kwenye chumba cha kuvalia, rafiki yangu Gualtiero, mwimbaji wa sauti nzito, alikuwa akijipaka rangi usoni.

"We Nevio, unanuka soko la samaki! Leo utambusu nani?"

Nikamweleza. Kicheko kikamkatika, akashika mguu wa chuma wa meza kuondoa mkosi.

"Ukamjibu nini?"

"Asante."

"Mama yangu! Usipande, Nevio. Sema umeugua."

"Nisipopanda leo nitapanda lini?"

Niliogopa, sifichi. Lakini niliogopa zaidi kurudi kuuza jibini dukani kwa baba. Nikapanda.

Taa zikaniwakia. Mbele yangu ukumbi ulikuwa giza tupu, umeachama. Nikahisi pumzi ya joto usoni, na harufu ile ile... Ikafika noti ya juu, ile ambayo watu huikatia tiketi. Nikafungua mdomo.

Kimya.

Halafu sauti ikatoka. Nzito, pevu, ya mtu aliyeingoja miaka mingi. Koo langu halikutikisika hata kidogo.

Roshani ikalipuka kwa shangwe. Watu wazima walilia.

"Mwaka wa vita," Gualtiero alininong'oneza baadaye chumbani, "kuna tenori alifia kichochoroni jioni ya kuimba mara ya kwanza. Wengine wanasema baridi. Wengine wanasema mbwa."

"Alivaa skafu?"

Akaushika tena mguu wa chuma wa meza.

Mama, aliyekuwa ukumbini kunitazama, akaingia, macho mekundu kwa machozi. Akanishika mashavu.

"Huyo aliyeimba, Mungu ambariki," akasema. "Lakini wewe mwanangu, mbona ulisimama pale umefumba mdomo?"

Kabla sijasema neno, mkurugenzi wa jumba la opera akachungulia mlangoni, akicheka peke yake kwa furaha.

"Kijana, nakutaka msimu mzima! Unasemaje?"

Nilitaka kukataa. Haki ya Mungu nilitaka. Nikafungua mdomo niseme hapana.

"Ndiyo, bwana," nikasikia, kwa sauti ile ile ya jukwaani, pevu, nzuri ajabu.