Kioo cha Juu cha Gari la Hezroni

Ndugu zangu wa Kyela, leo sikuja kumbembeleza mtu. Jambo hili nimelibeba kifuani tangu mwaka tisini na nane, na kila nikikumbuka nasikia kama nimemeza kaa la moto. Mimi ni Angetile, yule mama wa chai na vitumbua pale Kasumulu, mpakani. Nitakayosema niliyaona kwa macho yangu. Mengine aliniambia Felista mwenyewe akiwa kitandani hospitalini, na Felista si mtu wa kuongeza chumvi.

Felista aliolewa Ngonga, kwa Hezroni. Ilikuwa nyumba ya amani, msione. Mpunga mbele, migomba nyuma, na ng'ambo ya mfereji alikaa baba yake Hezroni, mzee Anangisye. Felista akipika wali na samaki mbasa, sahani ya kwanza ni ya mzee. Hakuipeleka mwenyewe. Sisi Wanyakyusa, kwa wale mliotoka mbali, mkwe mwanamke na baba mkwe hawatazamani. Akipita mzee, mkwe anajifunika kanga na kugeuka, na mzee naye anatazama kando. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Ndivyo tunavyoheshimiana. Kwa hiyo sahani aliipeleka jirani, na mzee alirudisha na neno moja tu, "Ndaga," yaani ahsante. Miaka sita walipendana hivyo, hawajatazamana usoni hata siku moja.

Kisha biashara ya mpakani ikafunguliwa. Hezroni akawa anavusha mchele Malawi na kurudi na sukari na sabuni, na mambo yakamnyookea. Akaenda Dar es Salaam, akarudi na gari la Kijapani la mlango wa kusukuma, lenye kioo kikubwa juu ya paa. Ukikaa kiti cha nyuma unaona mawingu. Jamani, Ngonga nzima ilitoka! Wazee waliingizwa humo wakakaa wakitazama juu na kucheka. Wiki mbili za mwanzo gari lile lilibeba wagonjwa, lilibeba maharusi, lilibeba mpaka mbuzi wa mchungaji.

Wiki ya tatu Hezroni akachoka na watu.

"Kila nikipita, mkono uko juu," alimwambia mkewe. "Nisipowabeba wananinunia. Nikiwabeba wananichafulia viti. Hili gari au mkokoteni wa kijiji?"

Sasa huku kwetu mtu ukimpita barabarani bila kumsalimu, umemtukana. Kila mtu anajua. Hezroni alijua pia, na badala ya kuacha uchoyo akatafuta namna ya kuuficha. Alikwenda mjini Kyela kwa Shabani, fundi wa vioo, akaweka tinti nyeusi madirisha yote ya ubavuni na nyuma. Nyeusi tii! Ukisogeza uso unajiona mwenyewe. Akiwa ndani ya giza lile aliwapita watu kama kuku, na akisemwa anajibu, "Sikuwaona."

Karatasi ya tinti iliisha kabla ya kufika kwenye kioo cha juu. Shabani akasema nyingine inakuja kutoka Dar baada ya wiki mbili, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza nyumbani.

Felista alikuwa na mimba ya miezi minane, na presha ilikuwa ikimpanda. Muuguzi alimwambia akae kivulini, anywe maji. Kioo kile kilimchoma utosini kila safari, kwa hiyo msiniambie kwamba alikuwa mbishi. Alitundika kitenge chini ya paa. Hezroni akakichomoa na kukitupa, eti kinafanya gari lionekane kibanda cha mama ntilie.

"Basi tuweke tinti na juu," akasema Hezroni. "Utapata kivuli."

"Kivuli nakitaka," Felista akajibu. "Lakini madirisha yote umeziba. Ukiziba na juu nitakuwa nimekaa kaburini. Toa ile nyeusi ya ubavuni, watu waonekane, ndipo uweke ya juu."

"Na baba? Anapanda malori ya mpunga kila siku. Akikaa juu ya magunia akachungulia akakuona, heshima iko wapi?"

Mmemsikia? Mmemsikia huyo? Anamsingizia mzee! Na kwa nini mzee alikuwa akipanda malori? Kwa sababu mwanawe alikuwa hambebi! Wiki ileile Felista alimwona mzee Anangisye kituoni, amesimama juani na kifurushi, amenyoosha mkono. Hezroni akakanyaga mafuta. Felista aliinamisha kichwa, kwa mila, na akalia, kwa aibu. Mzee alibaki amefunikwa na vumbi.

Siku yenyewe ilikuwa Novemba, siku ya kliniki ya Felista. Hezroni alisema atampeleka mjini, ila wapitie kwanza Kasumulu, ana sukari yake forodhani. Saa nne asubuhi akaegesha uwanja wa malori, katikati ya jua.

"Dakika tano," akasema. Akapandisha vioo vyote ili wezi wasiingize mkono, akafunga na ufunguo, akaondoka nao. Vioo vile vya umeme bila ufunguo havishuki. Mlango wa nyuma alikuwa ameuwekea kile kidude cha kuzuia watoto wasifungue kwa ndani, maana hakutaka abiria wa bure wamfungulie mlango ovyo. Na kati ya kiti cha mbele na cha nyuma alikuwa amepanga katoni za sabuni mpaka mabegani. Mwanamke wa miezi minane, jamani, apite wapi?

Na mimi? Mimi niliona gari zuri limeleta kivuli kidogo ubavuni. Nikaweka kibao changu, nikaegemeza mgongo kwenye mlango ule, nikauza chai. Mungu anisamehe. Niliuza chai, nikacheka na wateja, na nyuma ya mgongo wangu, unene wa bati tu, mtu alikuwa anakufa.

Mnajiuliza kwa nini hakupiga kelele. Alitaka. Aliinua mkono kugonga kioo, na saa hiyohiyo lori la mpunga likaja kusimama ubavuni, upande wa pili. Juu ya magunia alikaa mzee Anangisye, anakwenda kumwona dada yake ng'ambo ya mto Songwe, Malawi. Felista alimwona kupitia kioo cha juu, waziwazi. Akafanya alichofundishwa tangu utoto. Alijilaza kwenye kiti, akajifunika kanga uso mzima, akangoja mzee ashuke aende zake.

Lori likakwama kwenye foleni. Mzee hakushuka.

Dakika tano zikawa nusu saa, nusu saa ikawa saa nzima. Ndani ya kanga Felista alikuwa akigonga mlango kwa vidole, polepole, ili mzee asigeuke. Nilisikia. Ndiyo, mimi nilisikia! Tiki, tiki, tiki. Nikadhani ni bati linalia kwa joto. Baadaye sikusikia tena, na wala sikujiuliza.

Mzee Anangisye naye, alivyotusimulia baadaye, alishalitambua gari. Alipotazama chini mara ya kwanza aliona kanga kupitia kioo cha juu, akajua ni mkwewe, akageuza uso kama mtu mwenye adabu. Akatazama Malawi. Muda ukapita mrefu. Kisha dereva akasogeza lori kidogo, magunia yakayumba, na katika kujishikilia mzee akatazama chini tena bila kukusudia. Kanga ilikuwa imeanguka. Uso wa Felista ulikuwa wazi, umeelekea juu, na macho yake yalikuwa nusu wazi. Na hakujifunika.

Hapo mzee akaelewa. Mkwe aliyelelewa vizuri, baba mkwe akiwa juu ya kichwa chake, hawezi kuacha uso wazi akiwa na nguvu hata ya kuinua kidole.

"Anakufa!" akapaza sauti. "Mkwe wangu anakufa humo ndani!"

Mzee wa miaka karibu sabini alishuka kwenye magunia kama kijana. Akanyakua spana ya magurudumu mikononi mwa utingo, akanisukuma mimi na birika langu, akapiga kioo cheusi mara mbili. Joto lililotoka humo lilinipiga usoni kama nimefunua chungu. Alamu inalia, watu wanakimbilia. Mzee akaingiza mkono katikati ya vigae vya kioo, akainua kitasa, akavuta mlango kwa nje.

"Mzee Anangisye!" mtu mmoja akapiga yowe. "Usimguse, ni mkweo! Ngoja wanawake!"

"Ngojeni nyinyi!" akamjibu.

Akambeba. Mikono miwili, kifuani, damu ya mikono yake iliyokatwa na vigae ikichuruzika kwenye gauni la Felista. Mimi nikammwagia maji ya kuoshea vikombe. Pikapu ya muuza samaki ikawachukua, na njia nzima mpaka hospitalini mjini kichwa cha Felista kilikuwa mapajani mwa mzee yule.

Hezroni tulimkuta grosari, chupa ya tatu mezani, anamsimulia mwenzake jinsi tinti ya juu itakavyopendeza. Alikuja mbio, akasimama mbele ya gari. Na neno lake la kwanza, naapa, lilikuwa hili: "Nani kavunja kioo changu?"

Nilimzaba kofi. Sijuti.

Felista alipona. Mtoto alizaliwa jioni ile, wa kike, hakulia. Walimzika Ngonga, karibu na migomba.

Mnadhani hasira yangu imeishia hapo? Wiki mbili baadaye wazee walikaa kikao. Nilijua watamwita Hezroni wamtie adabu. Thubutu! Walimwita mzee Anangisye. Eti amemtazama mkwe, amemshika mkwe, amempakata mkwe mbele ya umati, atoe ng'ombe wa kusafisha kosa. Hezroni alikaa pale pembeni, anatikisa mguu, hakuna aliyemgeukia. Nilisimama, mwanamke mimi, nikasema, "Mnamtoza aliyefungua mlango, na aliyeufunga mnampa kiti?" Wakaniambia nikae chini.

Mzee Anangisye aliinuka taratibu, mikono bado ina bendeji.

"Ng'ombe nitatoa," akasema. "Sikatai mila, nimeishi ndani yake. Lakini niambieni kitu kimoja. Kama ningeendelea kugeuza uso, leo mngekuwa mnanisifu?"

Wazee wakasimama, wakaenda kumchukua ng'ombe wake.

Hezroni yeye alisema kosa ni la jua, lililoingia kwa kioo cha juu. Akampelekea Shabani gari, amalizie tinti. Shabani akamrudishia ufunguo. "Kioo hicho ndicho kilichomwonyesha mzee," akamwambia. "Mimi mkono wangu siutii hapo." Hezroni akaenda Mbeya, akapata fundi mwingine. Gari likawa jeusi ubavuni na juu, na humo ndani akabaki peke yake. Felista alirudi kwao Matema, na walipokuja washenga kumwombea Hezroni msamaha, aliwakaribisha chai, akawasindikiza, na kwa Hezroni hakurudi.

FUNZO

Sina ugomvi na tinti. Mwenye kuunguzwa na jua aweke kivuli, ni haki yake, na Felista mwenyewe alikitaka. Ninachokilaani ni mtu anayenunua giza ili asiwaone watu wake. Ukijificha ili usisalimiwe, jua kwamba umewaficha na walio nyuma yako. Siku wakihitaji msaada, jirani ataegemea mlango wako na kunywa chai.

Enyi wenye magari, msimfungie mtu ndani na kuondoka na ufunguo, hata kama ni dakika tano. Mtu si katoni ya sabuni.

Enyi wazee, heshima ya mkwe na baba mkwe iliwekwa ili mkwe awe salama. Siku inapomuua, mwenye kuivunja ndiye aliyeitunza. Mrudishieni mzee Anangisye ng'ombe wake.

Na wewe mwanangu uliyeolewa juzi, unayejua kuinama na kujifunika kanga vizuri kuliko wenzako: siku pumzi ikikuishia, tupa kanga hiyo, piga kioo kwa ngumi, piga kwa kisigino, piga yowe, na atazame atakayetazama.