Bwana Hewani na Mtandao wa Nchi Kavu

Ndugu zangu mnaofanya kazi majini, nanyi mnaobaki nchi kavu mkisubiri warudi, sogeeni niwaeleze yaliyoikuta nyumba moja karibu na gati.

Ilikuwa nyumba ya amani. Mke alikuwa fundi wa turubai. Alishona mapaa ya boti, mito ya viti na mifuko isiyopitisha maji, na cherehani yake ilinguruma sebuleni tangu asubuhi, huku binti yake wa miaka sita akiokota vipande vya uzi chini ya meza. Mume alikuwa na boti ya injini ya kupeleka watu matembezini. Alimpenda mkewe, alimheshimu mama yake, hakulewa, hakugombana na mtu. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni ujuaji.

Gatini walimwita Bwana Hewani, kwa kuwa simu haikumtoka mkononi. Siku aliyopata simu mpya aling'oa redio ya mawasiliano botini, ile inayowawezesha wenye vyombo na kituo cha uokoaji kusikilizana, na mahali pake akaweka spika ya muziki.

"Baba watoto, hiyo redio imekukosea nini?" fundi aliuliza.

"Redio ni mambo ya wazee. Mnara ule pale huuoni? Mtandao umejaa tele."

"Basi uwe unaniambia unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, kama zamani."

"Nitakupigia."

Nitakupigia! Neno hilo moja ndilo lililoua desturi nzuri ya nyumba ile. Zamani mume hakufungua kamba gatini kabla ya kumwambia mtu anakoelekea. Sasa alijiondokea tu, kama mtu anayetoka kwenda dukani. Fundi alisema mpaka akachoka, akaamua kumeza maneno yake. Na mama mkwe, nasikitika kusema, alimtetea mwanawe kila mara. "Mwache mwanangu, anajua anachofanya."

Haya. Dada yake Hewani, aliyeolewa kisiwa cha pili, akajifungua. Jumamosi asubuhi Hewani akawapakia mkewe, mama yake na binti.

"Msimwambie mtu," alisema. "Tutawashtukiza."

Kwa hiyo kisiwani hakuna aliyewangoja, na mtaani hakuna aliyejua walikokwenda. Mnaona jinsi mtu anavyojichimbia shimo huku anapiga mluzi?

Bahari ilikuwa shwari na spika iliimba. Walipoipita rasi, mnara wa simu ukajificha nyuma ya kilima, wala hakuna aliyejali. Muda si mrefu injini ikakohoa, ikanyamaza. Hewani akafungua kifuniko, akagusa hiki, akapuliza kile, akajipaka mafuta mpaka kwenye paji la uso. Pampu ya mafuta ilikuwa imekufa. Akatupa nanga, lakini kamba iliisha kabla nanga haijafika chini. Mkondo ukaanza kuwavuta taratibu kuelekea bahari kuu, penye mawimbi.

"Msiwe na wasiwasi," akasema, akatoa simu mfukoni.

Hakukuwa na mtandao. Akapiga hivyo hivyo, ikakatika. Akapanda kwenye kiti, akapiga. Akanyoosha mkono kushoto, akanyoosha kulia, akapiga tena. Kila alipopiga chaji ilipungua, nayo ilikuwa imekwisha kuliwa na muziki njia nzima. Rasi ikazidi kuwa ndogo. Mama mkwe akaacha kuongea, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka mingi.

Fundi aliogopa, tusidanganyane. Wasipopatikana kabla ya giza, nani angejua pa kuanza kuwatafuta? Lakini macho yake hayakubanduka kwenye ile simu, na hapo akaona jambo. Wimbi lilipoinyanyua boti, alama moja ya mtandao ilijitokeza. Boti iliposhuka, alama ikapotea.

"Baba watoto, acha kupiga. Nipe simu."

"Hii ina ujanja wake, hutaiweza."

"Mpe mwenzio simu!" mama mkwe akafoka. "Umejua vya kutosha leo!"

Hewani akampa. Fundi akamwandikia msimamizi wa kituo cha uokoaji, ambaye namba yake ilikuwamo: "Injini imekufa. Tuko wanne. Tumepita rasi, tukiipa mgongo kisiwa cha pili kiko kushoto, mkondo unatutoa nje. Hatuna redio." Kisha akachomoa nguzo mbili za paa la boti, paa alilolishona mwenyewe, akazichomeka moja ndani ya nyingine na kuzikaza kwa uzi wa turubai uliokuwa mkobani mwake. Akabonyeza kutuma, akaitia simu katika kifuko kisichopitisha maji, akakifunga kwenye ncha.

"Inua!"

Hewani akainua. Wakangoja. Walipoishusha, ujumbe haukuwa umekwenda, na chaji ilibaki asilimia nne.

"Tena," fundi akasema. "Panda kwenye kiti. Tungoje wimbi kubwa."

Mama mkwe akamkumbatia mwanawe miguu asianguke. Binti akasimama kwenye tezi, nyuma ya boti, akikodolea maji macho.

"Linakuja!" akapiga kelele. "Kubwa hilo!"

Fundi akabonyeza, Hewani akaisukuma nguzo juu kwa nguvu zake zote. Boti ikapanda, ikapanda, ikatulia kileleni. Wakaingoja ile simu bila kupumua, na baada ya kitambo ikalia huko juu. Waliishusha kwa mikono minne. Jibu lilikuwa limefika: "Tumewapata. Tunakuja. Kaeni hapo hapo."

"Tukae hapo hapo?" mama mkwe akauliza, akitazama maji pande zote. "Kwani alidhani tutashuka tukatembee?"

Wakacheka mpaka wakatokwa machozi, na si machozi yote yalikuwa ya kicheko. Bado walikuwa wakipangusa macho boti ya uokoaji ilipoizunguka rasi, ikirusha povu pande zote mbili. Mama mkwe alipiga vigelegele, sauti ikamkauka.

Gatini watu walijaa. Msimamizi akauliza mbele ya wote, "Ujumbe ule nani kaandika? Wengi hutuandikia 'njooni haraka' tu, tukabaki kuzunguka. Huu ulitupeleka moja kwa moja."

Watu wakamgeukia Hewani, maana simu ilikuwa yake, na sifa zilikuwa tayari kumwangukia. Hewani akaushika mkono wa mkewe, ule wenye alama za sindano vidoleni, akauinua juu.

"Ni huyu," akasema. "Alinionya, nikamdharau. Bila yeye msingetuona."

Makofi yaliyopigwa yalifika mpaka sokoni. Wiki ile ile redio ilirudi botini, na fundi ndiye aliyeshika bisibisi.

MAFUNZO

Mtandao wa simu umejengewa watu wa nchi kavu. Ukienda majini, usiukabidhi roho za watu wako. Chukua redio, tunza chaji, na umwambie mtu unakokwenda na saa ya kurudi, hata kama ni safari ya furaha. Ukikwama, andika kwa ufupi ulipo na mko wangapi, kisha inua simu juu. Lakini zaidi ya yote, ndugu zangu, uacheni ujuaji. Watu wanne wako hai leo kwa sababu mmoja wao, ingawa alichelewa, alikubali kunyamaza na kusikiliza.